Namba Tasa Mbele ya Shangazi

Mdogo wangu Neema, mwadila! Nipo Kasoli, kwa shangazi yetu aliyetulea. Jua kali, pamba imeanikwa uani, nasi tunatafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga.

Jana aliniuliza huko chuoni nafundisha nini. Nikamwonyesha simu yake. "Ujumbe wako unafungwa kwa hesabu, shangazi. Tunazidisha namba mbili kubwa mno. Jibu hata mwizi anaweza kuliona, ila kuzijua zile mbili ndiyo kazi. Zenyewe tunaziita namba tasa."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Tasa? Zimekosa nini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka majirani walivyokuwa wakimwita. Miaka yote naliandika neno hilo ubaoni, sikuwahi kulisikia. "Hazigawanyiki tu," nikajibu. Ningeweza kumwambia kwamba namba nyingine zote zimejengwa kwa hizo. Sikumwambia.

Leo kanifungia mfuko wa michembe. "Mpelekee na mwanangu Neema," akasema, kama vile jana hapakuwa na neno.

Nimekukumbuka sana. Ukiipata kadi hii mpigie simu, umwite mama. Mimi nimeshindwa.

Dada yako, Kulwa