Kura Yangu Moja ya Kessock

Mdogo wangu Orest,

Theluji imeyeyuka, na paka uliyeniachia bado amenuna. Ulipohama uliapa hutafungua barua zangu. Hii ifungue, maana jimbo letu la uchaguzi la Kessock limefutwa. Juzi wameng'oa bango lake barabarani, nusu yetu wakatutupa kwenye jimbo la mjini, nusu kwenye jimbo la migodini.

Bwana Lindqvist, yule mliyefungana naye kura, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono bungeni tufutwe.

Najua unavyonisema huko Calgary: "Dada yangu ndiye aliyenimaliza." Nilikuwa msimamizi wa uchaguzi, Orest. Sheria yetu inasema msimamizi hapigi kura mpaka wagombea wafungane. Mlipofungana, ukumbi mzima ulinikodolea macho. Mzee Hnatiuk akaropoka, "Atampa nani kama si ndugu yake!" Nikampa Lindqvist, wasije wakasema nimependelea. Nilitaka nionekane mwadilifu. Haya, nimeonekana.

Lakini na wewe! Siku nzima uko kwenye mashine unavuna ngano. Nikakupigia simu, ukanijibu, "Acha kelele, mvua inakuja, kura moja itabadilisha nini?" Ulifika kituoni mlango umeshafungwa, makapi yamekujaa kichwani.

Miaka kumi na tisa nimesimamia Kessock, nikapiga kura moja tu, nayo nikampa aliyetuzika. Wewe mgombea hukupiga hata hiyo moja.

Njoo umchukue paka wako.

Dada yako,
Paraskevia