Ndoo Mbili kwa Siku

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na dada anaendelea vizuri na mzigo wake. Mimi ni mzima, ila hesabu zinanitoa roho.

Mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi uko karibu na maswali ya uwiano na michanganyiko yamenishinda. Kitabu kizima ni watu wasio na kazi: huyu anachanganya rangi, yule anamwaga nusu ya sharubati na kurudishia maji, halafu niulizwe mimi kimebaki nini. Kero tupu! Na nikikosa mwaka huu, umri wa kupokelewa umenipita.

Mwanao, kitindamimba

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Dada yako kabakiza wiki nne na anakula kama fundi wa ujenzi. Atajifungulia hapa wodini kwangu. Nimemwambia haijapata kuwapo wodi ya wazazi safi kama ninayoideki mimi.

Unahangaikaje na sharubati na mama yako anachanganya dawa ya kuua vijidudu mwaka wa kumi na moja huu? Achana na kitabu. Swali la kwanza: karatasi ya dumu inasema sehemu moja ya dawa, tisa za maji. Ndoo ya lita ishirini inataka dawa kiasi gani? Swali la pili: dumu letu la lita tano linatutosha siku saba, ndoo mbili kwa siku. Tafuta uwiano wa dawa na maji. Ukikosa, usiseme umezaliwa na mimi.

Mama yako

18 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimepiga hesabu mara nne, nikaomba mwenzangu naye apige. Swali la kwanza, lita mbili. Swali la pili: ndoo kumi na nne ni lita mia mbili na themanini, dawa ndani yake lita tano tu. Moja kwa hamsini na tano.

Mama, hapo nimekosea wapi? Niambie nimekosea. Kama sikukosea, hayo si dawa, ni maji machafu yenye harufu, na dada analazwa humo mwezi ujao. Nimeshindwa kula.

Mwanao

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Wiki tatu hujanijibu. Mtihani nimefanya jana. Swali la kumi na saba lilikuwa la mchanganyiko, nikalimaliza kabla jirani yangu hajanoa penseli. Nadhani nimefaulu, na sikufurahi hata kidogo. Kila nikiona neno uwiano naona tambara lako linapita kitandani. Dada yuko wapi?

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hukukosea.

Mimi nilifundishwa kikombe kimoja kwa ndoo, na sikuwahi kukipima. Maswali yale mawili niliyaandika kwa mkono huu huu, moja chini ya jingine, nisione kitu. Karatasi yako nikampelekea msimamizi. Akacheka, akasema huko ndiko kubana matumizi, na mradi harufu inasikika wagonjwa wanaridhika. Nilitamani kumtemea mate.

Jumatatu ya wiki iliyopita nikachanganya kwa hesabu yako, lita mbili kila ndoo. Jumanne asubuhi imebaki lita moja na dumu jingine haliji mpaka Jumatatu. Nikaenda tena kwake. Akasema, "Ongeza maji." Saa nne dada yako akaingia na uchungu.

Lita ile nikaificha chini ya sinki. Niliitumia kwenye kitanda chake peke yake, moja kwa tisa, mpaka alipotoka. Vitanda vingine kumi na kimoja nilivipangusa kwa maji matupu, na wenyewe wananitazama. Mzazi wa kitanda cha tano, binti wa rika lako, aliniambia, "Asante mama, unatutunza kama wanao." Nikamjibu, "Karibu."

Dada yako kapata mtoto wa kike. Wote wazima, wako nyumbani.

Wa kitanda cha tano bado yupo. Ana homa siku ya tatu leo, na kila asubuhi anasogeza miguu ili nimpangusie vizuri.

Mama yako