Ruhusa ya Mjomba

Kinole, 14 Agosti 2001

Kaka Prosper,

Shikamoo. Huku hatujambo. Karafuu tumeanika, na kikohozi cha mama kimepungua.

Mwezi wa sita alikuja mama mmoja wa mjini, maneno yake asali tupu. Alitaka kumpeleka binti yangu Skola Nairobi, akalee mtoto huku akisomeshwa. Akajisifu kwamba baba wakubwa na baba wadogo wote wameshakubali. Nikamwambia, "Dada, kwetu Waluguru mtoto ni wa mjomba. Msubiri kaka yangu atoke Songea." Akanuna, akaondoka. Hakumaliza hata nanasi nililomkatia.

Juzi tumesikia amekamatwa mpakani na watoto watatu, anakwenda kuwauza. Polisi wetu na wa Kenya walikuwa wanamwinda pamoja. Watoto wote wamerudishwa. Mmoja ni wa jirani yetu Zuleha, na jana alikuwa anaruka kamba na Skola hapa uani.

Skola ananiuliza mjomba wake anafananaje. Ana miaka kumi na miwili na hajakuona hata mara moja. Jina lako limemkinga, kaka. Sasa aje mwenye jina.

Mdogo wako anayekungoja,
Emiliana