Baba Yetu Ndani ya Kitabu cha Torstein

Kaka yangu Chacha,

Shikamoo. Najua barua hii utaipokea ukitoka darasani, chaki bado mikononi. Nawa kwanza, unywe uji, ndipo uisome, maana ni ndefu na haina furaha nyingi. Mimi mwili ni mzima. Huku baridi imeingia. Jua linatoka kama mtu aliyelazimishwa, na linazama kabla sijamaliza zamu yangu ya mchana katika nyumba ya wazee. Wewe unaendeleaje? Wifi Bhoke mguu umepona? Na hapo Busawe mvua imeshika, au mnapanda mbegu kwenye vumbi? Ulipoandika kwamba umehamishiwa shule ya huko nilishukuru, kwa sababu sasa unaweza kwenda kuwaona wazazi Nyangoto bila kulala njiani.

Uliniambia watu wanazidi kumiminika kijijini kwa ajili ya dhahabu, na kwamba wapimaji wamepiga vigingi mpaka karibu na kisima. Nimelifikiria sana jambo hilo. Lakini leo si la vigingi lililonikalisha kuandika. Ni la Torstein.

Unamkumbuka yule Mnorwe mrefu wa mradi wa visima, aliyekaa kwetu msimu mzima, akala ugali wa Mama hadi akawa anaudai mwenyewe. Ndiye aliyenisaidia kuja huku kusomea uuguzi, na nyumba yake ndiyo imekuwa kwangu huku ugenini. Kila Jumapili nilikuwa naenda kwao. Mkewe, Astrid, ananiwekea soksi nene mlangoni kwa sababu miguu yangu haizoei baridi. Tunakula samaki na viazi, na Torstein ananisemesha Kiswahili chake kile cha Nyangoto, cha kuita kila kijana "mura". Nakueleza haya ili ujue kwamba sikuwa na neno baya naye.

Mwaka jana Torstein aliandika riwaya. Alinipa nakala siku ilipotoka, akiwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto. Alisema, "Ghati, hii ni ya kwenu." Kinorwe changu cha kazini ni cha dawa na mashuka, kwa hiyo niliisoma polepole, kamusi pembeni. Mwanzoni nilicheka na kulia kwa kupenda. Ua wetu wa minyaa umo. Ng'ombe mweusi mwenye pembe moja yumo. Mama yumo, anavyosema peke yake akikoroga sufuria. Majina tu ndiyo yamebadilishwa. Kisha nikafika kwenye sura ya shimo la dhahabu.

Kaka, wewe wakati ule ulikuwa chuo cha ualimu, ulifika tumeshamzika ndugu yetu Mwita. Hatukuwahi kukaa chini nikakusimulia. Basi nikusimulie sasa, ili ujue nililoliona kwa macho yangu kabla sijakwambia la kitabuni.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi Baba alisimama mlangoni akamwambia Mwita, "Udongo umekunywa maji. Leo usiende shimoni, tukapalilie mahindi." Mwita akacheka kama kawaida yake, akajibu, "Tata, sitashuka. Nitakaa juu nivute kamba tu." Baba akasema tena, "Nimekukataza." Lakini alikuwa kijana mkubwa, na wenzake walikuwa wanamwita barabarani. Akaenda. Jua halijafika utosini tukasikia kelele kutoka upande wa machimbo. Wenzake walisema mtu wa chini alizidiwa, Mwita akashuka kumtoa, na ukuta ukawaangukia wote wawili.

Baba alifika pale akiwa na jembe. Alilima udongo ule kama mtu anayegombana nao, halafu akalitupa jembe akiogopa kumkata mwanawe, akaendelea kwa mikono. Watu walimwambia apumzike, hakusikia. Kucha zilitoka, Chacha. Niliziona zimetoka, na bado anachimba. Na aliyekuwa ubavuni kwake, anachota udongo kwa ndoo ya mradi, alikuwa Torstein. Jioni tulipompata Mwita, ni Torstein aliyevua shati lake kumfunika uso.

Sasa sikia kitabu kinavyosema. Kinasema mzee anataka kuoa mke wa pili na hana ng'ombe wa mahari. Mwanawe anamwambia shimo limepasuka, anaogopa. Mzee anamsukuma kifuani mbele ya mamaye na kumwambia, "Usirudi bila ng'ombe." Kijana anashuka, anakufa, na mzee anabaki nyumbani amekaa kwenye kigoda, hata machimboni haendi. Na mzee huyo ana kovu lile la Baba juu ya jicho la kushoto.

Nilikifunga. Nilikwenda kazini nikawaogesha wazee wangu bila kusema neno, mpaka bibi mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Jumapili iliyofuata nilimkuta Torstein jikoni anamenya viazi. Nikamwambia, "Baba hakumsukuma Mwita. Alimkataza. Wewe unajua."

Akaweka kisu chini. Akasema, "Ni riwaya, Ghati. Si baba yako. Ni mtu niliyemtunga."

"Kovu lake umelitunga?"

Akayasogeza maganda ya viazi pembeni. "Niliandika kwanza kama ilivyokuwa. Haikusimama. Msomaji wa huku anataka kujua nani alaumiwe. Kama hakuna wa kulaumiwa, ni udongo tu."

Nikamwambia, "Ni udongo tu uliomuua."

Astrid alikuwa mlangoni, akaona aseme la kunituliza. Alisema, "Lakini kule hakuna anayesoma Kinorwe." Nikamjibu, "Mimi nakisoma." Hakuna aliyekula vizuri siku ile. Hata hivyo niliporudi kwangu nilijiambia, kitabu ni kitabu, kitasahaulika kama vingine vinavyojaa madukani.

Hakikusahaulika. Hawa watu wana tuzo ya taifa ya vitabu vyao, tuzo kubwa, kila mwaka wakati huu wa giza. Vitabu vichache vinateuliwa, magazeti yanaviandika, watu wanabishana hata kwenye foleni ya mkate. Kitabu cha Torstein kikateuliwa. Picha yake ikawa kila mahali. Kazini wenzangu walianza kukisoma wakati wa chai. Walijua natoka huko, kwa hiyo walinitazama kwa macho laini, kama mtu aliyepona ugonjwa mbaya. Mmoja aliniuliza taratibu kama na mimi baba yangu alikuwa ananipiga.

Torstein alinipigia simu, akasema anataka nikae naye meza moja siku ya kutangaza mshindi. Nilikataa. Akaja mwenyewe, akasimama mlangoni kwangu na theluji mabegani, akasema, "Njoo. Nikishinda nitasimama mbele ya wote niseme kwamba baba halisi alichimba kwa mikono yake. Nakuahidi." Kaka, nilimwamini. Nilidhani, watu walewale waliosikia ubaya watasikia na ukweli, siku moja, ukumbi mmoja. Kwa neno hilo nikapiga pasi kitenge alichonipa Mama nikiondoka, nikaenda.

Ukumbi ulikuwa mzuri, sitakudanganya. Mishumaa, nguo nyeusi, watu wakisema kwa sauti ya chini. Kabla ya kutangaza, mwigizaji maarufu alisoma vipande vya vitabu vilivyoteuliwa. Alipofika kwenye cha Torstein akaifanya sauti yake nzito, akasoma, "Usirudi bila ng'ombe." Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Mimi niliitazama sahani. Ile sauti haikuwa ya Baba hata kidogo, lakini sasa kwa watu wale ndiyo sauti yake.

Wakamtangaza Torstein. Watu wakasimama. Alipanda jukwaani akilia, akamshukuru Astrid, akamshukuru mchapishaji wake, akawashukuru walimu wake. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza nikingoja. Akasema, "Na nawashukuru watu wa Nyangoto walionipa hadithi hii. Mmoja wao yuko hapa. Ghati, simama." Nikasimama. Taa ikanimulika, wakanipigia makofi marefu. Nikamtazama yeye, nikingoja lile neno. Akanipungia mkono, akainamisha kichwa, akashuka.

Basi. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilipokuwa natafuta koti langu, mama mmoja mzee alinijia, machozi yamejaa, akanishika mkono. Akasema, "Mwanangu, pole kwa baba uliyempata." Nilimjibu kwa Kinorwe changu chote: "Baba yangu alimkataza kwenda. Alimchimba kwa mikono hadi kucha zikatoka." Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipapasa shavu, akasema, "Ndiyo, ndiyo. Ni kawaida mtoto kumpenda babaye."

Nilitoka nje bila kula. Nilitembea hadi kituo cha treni na kitenge changu chini ya koti, upepo unapita kama hakuna nguo.

Torstein alipiga simu kesho yake. Alisema alipofika juu aliogopa, kwamba angeonekana anakikana kitabu chake siku hiyohiyo kinapoheshimiwa. Alilia, na nadhani alilia kweli. Nilimwuliza kama ataliandika gazetini. Akasema tungoje kwanza mambo yatulie. Nikamwambia sitakuja tena Jumapili. Astrid alinitumia soksi zangu kwa posta, zimefuliwa na kukunjwa vizuri. Zilinitoa machozi kuliko makofi yale. Mimi mwenyewe nilimwandikia mhariri wa gazeti. Alinijibu kwa heshima kwamba riwaya si ushahidi, na kwamba ananielewa. Sasa Jumapili nakaa chumbani, naweka redio, nachemsha viazi vyangu.

Hapa ndipo ninapokuhitaji. Kwa sababu ya tuzo, watu wa televisheni wanataka kwenda na Torstein Nyangoto, kupiga picha mahali hadithi ilipotokea. Watafika kabla ya mvua kubwa. Waliniomba niwe mkalimani, nikakataa, nao watatafuta mwingine huko Musoma au Sirari. Watafika na kamera mpaka mlangoni. Watamkuta Baba kwenye kigoda chake nje, maana sasa hana nguvu za shambani, nao wataona picha ileile waliyoisoma. Atawakaribisha, kwa kuwa hajui. Mama atakimbilia maziwa ya mgando, kwa kuwa Torstein kwake ni mtoto.

Nimejaribu kukuandikia nikusihi uwafungie lango. Nilichana karatasi ile. Lango si langu wala si lako. Ninachokuomba ni uende nyumbani kabla yao, ukae na Baba mkiwa wawili tu, umwambie yote kwa Kikurya, bila kupunguza: kusukumwa, mke wa pili, ng'ombe, na makofi. Najua itamuumiza. Najua hajawahi kulitaja jina la Mwita tangu matanga. Lakini heri aumizwe na wewe kuliko na mgeni mwenye kamera. Halafu mwache yeye aseme. Akisema wasije, wazuie barabarani. Akisema waje, kaa karibu naye utafsiri wewe kwa Kiingereza, usimkate, usimpambe. Na akichagua kunyamaza mbele yao, mwache anyamaze. Ni kufiwa kwake, si kwa ukumbi ule.

Kama atataka kujua kwa nini mimi nilisimama walipopiga makofi, mwambie nilikuwa nangoja ukweli juu yake usemwe.

Nisalimie wifi Bhoke, na wanao, hasa yule mdogo ambaye bado sijamwona uso. Nisalimie shangazi Robi wa Nyansurura, mwambie dawa ya kifua nitamtumia kwa mtu wa kanisa anayerudi. Mwalimu mkuu wako, aliyenifundisha kusoma, mpe shikamoo yangu. Mama msalimie sana, ila habari za mgeni usimpe mpaka Baba aamue, maana akishafurahi hakuna atakayeweza kumrudisha nyuma. Na Baba, kaka, ukimaliza kumwambia, usiondoke siku hiyo. Lala hapo.

Ni mimi mdogo wako, ninayewawaza,
Ghati