Doa la Mafuta kwenye Kadi ya Munyiva

Mwaka umetimia, Kisilu, tangu tulipokuzika Machakos, Juni ya 1955. Mkeo Munyiva bado husikia gari la bwana aliyekuajiri likiunguruma asubuhi akadhani ni wewe uliye nalo.

Kule Loresho ulikuwa fundi wa gari moja tu, lile kuukuu la bwana. Hukuwa mtu wa makuu. Jumamosi ulishuka River Road kutafuta plagi na tupa, ukarudi na mandazi ya watoto, nusu umeshayala njiani.

Lakini ulikuwa mjanja pia, na leo tutakusema. Ile fila yako, visu vyembamba vya kupimia nafasi ya pointi, pale moto wa injini unaporuka, ulivifuta namba zote kwa tupa ili fundi mwingine asije akakunyang'anya kazi. Bwana akawa hawezi kukuacha, wewe nawe ukawa huwezi kutoka. Mama alipougua ulinyimwa ruhusa, ukapata habari za mazishi kwa barua. Ungeacha kazi, chumba alichokupa bwana kingekwenda nayo, na siku hizi za Hali ya Hatari asiye na karatasi ya mwajiri hakai Nairobi.

Kichomi kilipokuchukua, gari nalo likagoma, na bwana alimpa mdogo wako Nthiwa siku saba kulitengeneza. Gari lisipowaka, Munyiva na watoto watoke. Siku ya sita Nthiwa alivimwaga vyombo vyako mkekani.

"Shemeji, hii visu yote haina namba. Nikikosea kidogo tu, moto hairuki. Sasa mimi nitajuaje?"

"Na yeye alikuwa anajuaje?"

Munyiva aliuliza hivyo, kisha akainuka. Akaenda kuleta kadi yake ya ubatizo, ile uliyokaa nayo kwenye mfuko wa shati miaka minane. Jinsi alivyokugombeza kwa lile doa la mafuta pembeni! Wewe ulicheka tu, ukasema unapenda jina lake liwe karibu. Akaishika ile pembe, akavipapasa visu kimoja kimoja kwa vidole vyake vya kusuka vyondo. Cha nne kilikuwa na unene uleule wa kadi; kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa namba yako.

"Jaribu hii."

Gari likawaka. Munyiva alilia kwa furaha, na kwa kukukasirikia.

Nthiwa akakifuta kile kisu, akataka kukificha. "Iwe siri yetu, shemeji. Hapo hawawezi kunifukuza."

"Hata ndugu yako hawakumfukuza. Ametoka hapa ndani ya jeneza."

Munyiva akachukua msumari, akakichora kile kisu msalaba mkubwa ambao hata mgeni angeuona. "Siku ukitaka kwenda, uende."

Nthiwa bado hajaenda, wala sisi hatujapata pa kwenda. Kadi imo kwenye mfuko wa shati lako, na doa Munyiva hajalisugua.

Unakumbukwa na mkeo Munyiva, wanao Mwelu na Mutiso, mdogo wako Nthiwa, na dada yako Kavata wa Uthiru. Hatutakusahau kamwe, Kisilu. Pumzika sasa; ruhusa umepata.