Mdomo wa Bati

Kidichi, 3 Machi 1968

Dada yangu Mwanakheir,

Salamu na mapenzi. Mimi na mama wazima. Kifua chako vipi huko Tanga? Barua hii anakuletea Bi Kidawa mkononi. Nimeogopa kuitia posta.

Kibali cha kutoka Unguja kuja kukuona nshanyimwa tena. Tegemeo langu ni ile ndege tunayoiunda kwa injini ya gari bovu, ila maji yanachemka. Rejeta, ile ya kupoza maji ya injini, inataka njia ya bati ya kuiletea upepo. Mimi nnataka mdomo wake uwe mdogo, kisha njia ipanuke polepole kwa ndani, upepo upunguze mwendo na upenye kila tundu. Mdomo ukiwa mpana, upepo unajazana mlangoni na kumwagika pembeni. Lakini kila nikikata bati, mwenzangu Silima huja akaupanua. Fundi bati kama yeye hajui?

Mdogo wako,
Mkadam

Tanga, 9 Aprili 1968

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Kifua kinanisumbua alfajiri tu.

Huyo Silima simwamini. Injini ikichemka juu ya bahari, atakufa yeye? Mtu haharibu kazi ya mwenziwe bure. Mtume mjini, kisha ukate bati unavyojua wewe.

Dada yako

Kidichi, 30 Juni 1968

Dada,

U hali gani? Sisi alhamdulillahi.

Nilimtuma Silima mjini kununua ribiti za kufungia bati, nikakata mdomo mdogo. Nikaifunga ndege kwa kamba kwenye mnazi, nikawasha. Pangaboi la puani mwake likavuma mpaka mafuta yakakaribia kwisha, na rejeta haikutoa hata mvuke. Nikacheka peke yangu.

Silima akausikia mlio kutoka barabarani, akaja mbio.

"Zima!"

"Kwa nini? Ulitaka nife?"

Akakaa chini. "Watu wa usalama huniita, Mkadam. Huniuliza unaunda nini. Nami huwaambia, mwacheni, kitu chenyewe kinachemka tu, hakiruki. Wamesema watakuja kuona. Wakikikuta kimepoa, ntawaambia nini?"

Dada, sijui nishike lipi.

Mdogo wako

Tanga, 16 Julai 1968

Mdogo wangu,

Nakuombea uzima. Mimi kifua kimenizidi, nalala nimekaa.

Nani mwengine aliyemuona akiitwa? Anayeitwa kila mara ndiye anayepeleka habari. Amelijua neno la kukuzuia, kalitumia. Njoo, Mkadam, nikuone.

Dada yako

Kidichi, 2 Septemba 1968

Dada yangu,

Naomba barua hii ikukute umepata nafuu. Sikuja, na nnajua ulikuwa ukinitazamia. Nisamehe, unisikilize.

Niliisoma barua yako nikaenda kutia mafuta. Silima alikuwa bandani. Nikamtazama usoni sana, nisione uongo wala ukweli. Kama ni mwongo, nimepoteza safari. Kama ni mkweli nami nikaruka, watamchukua yeye. Nikashika mkasi, nikaupanua mdomo mwenyewe.

Wiki ya pili yake walikuja hao watu wa usalama, wamejaa gari zima. Wakaniamrisha niwashe. Maji yakachemka, mvuke ukawarukia, wakacheka. Mkubwa wao akamgeukia Silima: "Kweli ulivyosema. Tungeikuta nzima, leo tungeondoka na wewe."

Gari lilipopotea, Silima aliketi chini ya bawa akalia. Nikaketi naye.

Mdogo wako,
Mkadam