Mapumziko Tuliyompa Mama

Dada Zuhura, salamu nyingi hapo Nakuru, na ukae kitako kwanza ndipo usome.

Leo nimefika Likoni nikamkuta mama nje kwenye moshi, anakaanga viazi karai, wateja wamemzunguka! Yule msichana tuliyemwajiri ampikie amekaa kando anakamua ukwaju. Nikapiga kelele, "Mama, si tulikwambia upumzike?"

Hakuacha kugeuza viazi. "Mlinipumzisha tangu baba yenu afe, mwanangu, mpaka nikawa kila asubuhi naisalimia friji. Hapa nikisalimu, naitikiwa."

Wallahi nilikula vitano nimesimama, machozi yananitoka, nikasingizia moshi.

Kile kiti cha kupumzikia ulichomnunulia usikitume. Tuma karai kubwa. Na ukimpigia simu, iwe baada ya magharibi. Mchana ana watu.

Nduguyo akupendaye,
Saidi